Ukimya Uliokatwa

Wanafunzi walimpa jina la Mama Ngoja, naye hakulipinga. Alifundisha nguvu za majengo katika chuo chetu, somo ambalo mtu akilifeli darasani hana hasara kubwa, lakini akilifeli kazini ghorofa linaanguka. Tulitumia ofisi moja, meza yake dirishani, yangu mlangoni. Mimi nafundisha upimaji wa ardhi na sipendi mambo ya kukadiria, kwa hiyo ninayosimulia hapa ama niliyaona mwenyewe ama nitasema nani aliniambia.

Alifundisha hivi. Anachora jengo ubaoni: paa, boriti, nguzo, msingi. Anaweka mshale juu ya paa. Anauliza, "Uzito huu unakwenda wapi?" Kisha ananyamaza. Sisi wengine tunauliza na kujijibu harakaharaka, tukiogopa darasa litadhani tumesahau kazi. Yeye alinyamaza hasa. Aliegemea meza, akakunja mikono, akawatazama. Ungeweza kwenda kufungua dirisha, ukarudi kukaa, ukamkuta bado anawatazama. Aliyejaribu kubahatisha alipata neno moja tu: "Ngoja." Wapya walidhani mama amepatwa na kitu. Muhula ukisonga walianza kuinamia michoro yao, wakiufuata mzigo kwa kidole, kutoka paa mpaka boriti, kutoka boriti mpaka nguzo, hadi chini kabisa.

Niliwahi kumuuliza tabia hiyo aliitoa wapi. Akasema alipokuwa mwanafunzi alikuwa msichana peke yake darasani, na mwalimu mmoja alimuuliza swali, akamwangalia kidogo, akamruka na kumuuliza jirani yake.

"Jibu nilikuwa nalo," aliniambia. "Lilikuwa njiani."

Hasira ile alikaa nayo miaka yote, akaigeuza kazi. Sijaona mtu mwingine aliyekasirika kwa faida namna hiyo.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Mume wake, dereva wa malori aliyestaafu, ana mdomo usiojua likizo. Ukienda kwao kunywa chai unaondoka umeshazijua barabara zote alizopita, na madaraja yaliyobomoka, na makondakta waliomwudhi. Mkewe alikuwa anakaa pembeni akisahihisha mitihani, akiinua macho mara mojamoja pale mzee anapotia chumvi kupita kiasi. Nilishangaa wanavyoelewana. Aliniambia ni rahisi: mtu akiongea kwa niaba yako, unapata nafasi ya kufikiri.

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Tulisema ni vumbi la chaki, tukamshauri maji ya moto na asali, ushauri ambao kila mtu anao na haumgharimu kitu. Daktari akaona uvimbe kwenye zoloto, pale koo linapotengenezea sauti, akasema zoloto lazima liondolewe lote. Atapona. Atakula, atatembea, ataishi. Ila hatasema tena.

Habari hiyo alinipa ofisini akiwa wima, mkoba begani. Kisha akachukua chaki zake na kwenda darasani.

Mkuu wetu wa idara si mtu mbaya, na nasema hivyo ingawa simpendi sana. Wakati huo chuo kilikuwa kimeshikwa na homa ya mtandao. Mfumo wa masomo ulikuwa umenunuliwa, stoo ya viti vibovu ilikuwa imegeuzwa chumba cha kurekodia, na mikutano kuhusu teknolojia ilikuwa mingi kuliko teknolojia yenyewe. Alimwita Mama Ngoja, na mimi nikaitwa kama shahidi wa idara.

"Dada," alimwambia, maana ni mdogo kwake kwa umri, "rekodi masomo yote kabla hujaenda hospitali. Muhula ujao wanafunzi watayaangalia kwenye mfumo. Wakifanya vizuri mtihani wa katikati ya muhula, somo linabaki lako. Wasipofanya vizuri, itabidi nimpe mtu mwingine, na wewe nikutafutie nafasi ofisi ya mitihani."

Ofisi ya mitihani ni chumba kisicho na dirisha, ambamo watu hupanga namba za viti na kubandika bahasha. Hakuna anayeuliza swali mle na kusubiri jibu.

"Sawa," alisema Mama Ngoja. Tulipotoka kwenye korido akaniambia, "Nikipelekwa kule nitakufa kabla uvimbe haujapata nafasi." Hakuwa anatania.

Fundi wa chumba cha kurekodia tulimwita Makasi. Ni mwanamume wa makamo, nadhifu, aliyepiga video za harusi kwa miaka mingi kabla chuo hakijamwajiri, na kazi ile ilimfundisha kwamba hakuna jambo lisiloweza kufupishwa. Hotuba ya baba wa bibi harusi, alisema, hata ikiwa nzuri vipi, inakatwa. Alimpangia Mama Ngoja taa, akambania kipaza sauti kidogo kwenye kola ya gauni lake la bluu, akamwambia afundishe kama kawaida. Naye akafundisha kama kawaida. Aliuliza, akaegemea meza, akaikodolea macho kamera kimya. Siku ya kwanza Makasi alidhani kazirai akiwa wima. Akampungia mkono.

"Ngoja," alimwambia.

Walirekodi hivyo hadi sauti ikabaki uzi. Somo la mwisho alilimalizia kwa kunong'ona. Makasi anasema alipozima kamera mama alikunywa maji, akamshukuru, akamwomba asiwaambie watu kwamba alikuwa analia. Makasi alituambia sote.

Alirudi kutoka hospitali na tundu dogo la kupumulia shingoni, amelifunika kwa skafu ya kijani, na simu iliyosoma kwa sauti chochote alichoandika. Sauti ya simu ilikuwa ya mwanamke asiye na haraka wala huruma, kama yule anayekuambia salio lako halitoshi. Mzee akaipachika jina la shemeji. "Shemeji anataka chai," alikuwa anasema. "Shemeji leo kaamka vibaya." Mama Ngoja alicheka, mabega yakitikisika bila mlio, nasi tukacheka kwa ahueni ya kuona bado anacheka.

Lakini siku moja mzee alifungua mojawapo ya masomo kwenye simu yake, sebuleni, apate kuisikia sauti ya mkewe. Mama Ngoja alitoka jikoni mikono ikichuruzika maji, akamnyang'anya simu, akaizima. Kisha akaandika kwenye yake, na shemeji akasema, "Usiilete sauti hiyo ndani ya nyumba hii."

Mzee ndiye aliyenisimulia, akiwa ameshika tama. Ilikuwa hadithi fupi kuliko zote alizowahi kunipa.

Ofisini ilikuwa vivyo hivyo. Makasi alimtumia masomo yaliyokamilika ayakague kabla ya kuyapandisha kwenye mfumo. Alimjibu kwa ujumbe: yapandishe tu. Hakusikiliza hata moja. Nilimwelewa. Alikuwa ameshaizika sauti ile na hakutaka kukutana nayo tena.

Muhula ukaanza. Kwenye kikao cha idara mkuu alituonyesha takwimu za mfumo, mstari mzuri usioteremka. Wanafunzi walikuwa wanaangalia video za Mama Ngoja mwanzo hadi mwisho, hakuna anayeachia njiani. Tukapiga makofi. Mama Ngoja alikaa akiwa amenyooka, skafu imefungwa vizuri, na niliona kwamba alikuwa ameanza kuamini.

Mtihani wa katikati ya muhula aliutunga mwenyewe, kwa namna yake. Aliwapa mchoro wa ghala ambalo hawajawahi kuliona, lenye nguzo moja iliyoondolewa ili malori yapite. Swali lilikuwa lilelile la siku zote: uzito unakwenda wapi? Karibu darasa zima lilijibu kuhusu jengo la kwenye video. Walichora mishale ikiteremka vizuri, kwa rula, kupitia nguzo ambayo haipo. Nilimsaidia kusahihisha, na kila nilipofunua karatasi uzito ulikuwa unateremka hewani.

"Dada, nimejaribu," mkuu alimwambia. Kanuni zilitaka darasa lipewe mtihani wa marudio, na alitupa wiki chache za kujiandaa. Lakini kila mtu kwenye korido alishajua jina la kijana atakayepewa somo, na kijana mwenyewe alikuja ofisini kwetu kuuliza kabati lipi litakuwa lake. Nilimwonyesha mlango.

Mchana ule Mama Ngoja alikuwa anasoma maoni ya wanafunzi kwenye mfumo. Niliona uso wake unaiva. Akaigeuza kompyuta nisome. Kiongozi wa darasa alikuwa ameandika: *Mwalimu ni mzuri sana, ila anauliza na kujijibu palepale. Hatupati hata nafasi ya kufikiri.*

Akabonyeza simu kwa nguvu. "Huyu ni mwongo," alisema shemeji, kwa upole wake uleule.

"Basi sikiliza uhakikishe," nilimwambia.

Aliniangalia kwa muda mrefu, na nilidhani nimeharibu. Lakini nilikuwa nimekasirika pia, na hasira inampa mtu mdomo. Nikatoa hedifoni kwenye droo yangu, nikaziweka mbele yake, nikageuka kupanga ramani ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nilipochungulia, mkono mmoja ulikuwa shingoni, juu ya skafu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Sitasema uongo, na mimi nililengwalengwa. Kisha nikaona anajiegemeza nyuma kitini na kukunja mikono, kama anavyofanya akishauliza swali. Hakudumu hivyo hata kidogo. Akashtuka, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha tena. Akazivua hedifoni na kunivisha mimi.

"Uzito huu unakwenda wapi? Kwenye boriti. Na kutoka kwenye boriti unakwenda wapi? Kwenye nguzo. Na nguzo inaupeleka wapi?"

Sauti ilikuwa yake, ila mtu alikuwa mwingine. Alikuwa anauza jengo kama dalali mnadani. Majibu yalikuwa yanakanyaga visigino vya maswali, na pale katikati, mahali ambapo mimi na miaka yote ya wanafunzi tulijua anakaa, hapakuwa na mtu.

Makasi hakukana. Alitupokea kwa fahari ya fundi anayeulizwa siri ya kazi yake nzuri.

"Programu ndiyo inafanya," alisema. "Inanusa ukimya, inaukata yenyewe. Mwalimu, zile video zilikuwa ndefu mno. Ukimya unakula bando, na hawa watoto bando wanalinunua kwa shida. Tena wakiona kimya wanadhani mtandao umekata, wanatoka. Ndiyo maana takwimu zako ni nzuri."

Hakuna hata neno moja pale ambalo halikuwa la kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Mama Ngoja aliandika kwa muda. Makasi akasubiri, tabasamu likimpungua taratibu.

"Ulikata somo," alisema shemeji. "Ukabakiza maneno."

Nikamuuliza rekodi zenyewe ziko wapi, zile kabla hazijakatwa. Akatazama viatu vyake. Alikuwa amezifuta, kama afanyavyo siku zote, kupisha video za idara nyingine. Mama Ngoja alitafuta kiti, akakaa.

Nadhani hapo alikuwa amekata tamaa. Mikono ilikuwa imelala mapajani na simu imezimika kioo. Nilimwona tayari yuko ofisi ya mitihani, anabandika bahasha.

"Ukimya naweza kuuweka mwingine," alisema Makasi, aliyeanza kuumia. "Ukimya ni ukimya tu. Nagandisha picha, nairefusha unavyotaka."

Mama Ngoja akatikisa kichwa. Hata mimi nililiona tatizo: picha ikiganda, watadhani mtandao umekata, watatoka, kama alivyosema mwenyewe. Kisha Mama Ngoja akainua macho. Alizitazama taa, akaitazama kamera kwenye miguu yake mitatu. Akainuka, akasimama mbele ya ubao, akaegemea meza, akakunja mikono, akaikazia kamera macho.

Makasi alielewa kabla yangu.

"Hii haihitaji sauti," alisema, na kwenda kuwasha taa.

Kesho yake alikuja na gauni la bluu. Walifanya kazi kwa namna hii: Makasi anacheza ile video iliyokatwa mpaka kwenye swali, anaisimamisha, Mama Ngoja anasimama mahali pake na kungoja mbele ya kamera, kwa muda ule anaoujua yeye peke yake, mpaka ainue kidole, kisha Makasi anaunganisha na kuendelea. Ilibidi asikie sauti yake swali baada ya swali, somo baada ya somo. Mwanzoni alikunja uso kila ilipoanza, kama mtu anayemwagiwa maji ya baridi. Baadaye akazoea. Mwisho nilimwona anaisikiliza na kutikisa kichwa kwa kukubali, kama unavyomkubali mwenzako wa kazi aliyesema vizuri.

Tatizo lilibaki skafu. Kwenye rekodi za zamani shingo ilikuwa wazi. Makasi, ambaye maisha yake yote ameficha viungo vya kazi yake, alipendekeza ageuke upande, au taa ipunguzwe.

"Iache ionekane," alisema shemeji.

Na bando? Makasi mwenyewe alilijibu, bila kuulizwa. Video ya mtu aliyetulia ni nyepesi, alisema, kwa kuwa mashine haina jipya la kubeba. "Na huyu mama hatikisiki. Nimepiga picha maharusi wa kila aina, sijaona mtu anatulia hivi."

Kabla ya mtihani wa marudio aliomba kikao kimoja cha darasa zima ukumbini, video moja, waiangalie pamoja. Mkuu alikubali, na akaja mwenyewe. Alikaa mbele kabisa, karibu na kompyuta, simu yake juu ya goti. Makasi alisimama nyuma yake. Mama Ngoja alisimama ukutani, pembeni ya skrini, mikono imekunjwa. Kwenye madawati kulikuwa na mchoro wa ghala lingine, nalo halina nguzo mahali fulani.

Jengo likatokea kwenye skrini, na Mama Ngoja wa zamani, shingo wazi, sauti inakwaruza. "Uzito huu unakwenda wapi?"

Picha ikaruka kidogo, na akawa na skafu ya kijani. Mnong'ono ukapita ukumbini. Walielewa walichokuwa wanakiona, naona, mapema kuliko nilivyotarajia. Yule wa kwenye skrini akawatazama. Yule wa ukutani akawatazama.

Mkuu akamgeukia Makasi. "Mtandao?"

"Hapana, mkuu."

Akaangalia saa. Akaangalia skrini. Ni mtu wa vikao. Ukimya kwake ni kosa la mwenyekiti. Akanyoosha mkono kwenye kompyuta ili asogeze video mbele.

"Mkuu, usiruke, tafadhali," alisema kiongozi wa darasa, yule aliyeandika malalamiko. "Bado tunafikiri."

Mkono wa mkuu ulibaki hewani, ukarudi gotini. Ukumbi ulikuwa kimya kama maji mtungini. Vichwa viliinama. Nikaviona vidole vikitembea juu ya karatasi, kutoka paa, kwenye boriti, vikisimama pale ambapo nguzo ilitakiwa iwepo na haipo. Msichana wa safu ya nyuma, ambaye jina lake sikulijua na wala walimu wenzangu hawakulijua, aliinua mkono na kusimama.

"Unashuka kwenye nguzo ya kati..." Akakatisha. Akaangalia mchoro wake. Baadhi ya wenzake walishafungua midomo kumsaidia.

"Ngojeni," aliwaambia.

Wakangoja. Mama Ngoja aliegemea ukuta, na nikaona ameubana mdomo wake kwa nguvu. Msichana aliupeleka uzito pembeni, juu ya boriti, mpaka kwenye nguzo mbili zilizobaki, akaushusha chini kila upande. Alitumia muda. Alipokaa, mkuu alikuwa ameiweka simu yake mfukoni.

Mtihani wa marudio haukuwa muujiza. Walikuwepo waliofeli, na mmoja aliyeendelea kuupitisha uzito hewani na nadhani ataendelea hivyo mpaka atakapobadilisha fani. Lakini wengi wao mishale yao iliizunguka nguzo isiyokuwepo. Ratiba ya muhula ujao ilipobandikwa, somo lilikuwa na jina lake. Mkuu hakuja kusema lolote, na kijana wa kabati hakurudi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwao kunywa chai. Mzee alikuwa anatueleza daraja fulani, na alikuwa amefika pale penye chumvi nyingi, mkewe alipotoa simu mfukoni na kuiegemeza kwenye birika mbele yake. Sikuona ameandika kitu. Mzee akanyamaza, akimsubiri shemeji.

Jengo likatokea kwenye kioo kidogo. "Uzito huu unakwenda wapi?" iliuliza sauti ya mkewe, sebuleni mwake.

Mzee akafungua mdomo. Akaufumba. Kwenye simu skafu ya kijani ikatokea, na mzee akaitazama, na upande wa pili wa meza mkewe akawa anamtazama yeye. Hakusema neno kwa muda ambao nisingeamini anauweza. Macho yalimjaa machozi, na hakuyaondoa kwenye mchoro.

Alipojibu, alikosea kabisa. Mama Ngoja akanyoosha kidole, akairudisha video nyuma, ili aulizwe tena.